Tatizo si Kipaza Sauti, ni Ukuta

Ndugu msikilizaji, mara ngapi umekaa nyuma ya ukumbi, kipaza sauti kinanguruma, nawe huambulii neno? Fundi huongeza sauti, na mwangwi nao huongezeka.

Kazi yangu ya redio imenifundisha kuwa dawa haiko kwenye mashine. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Ikigonga saruji, kioo au bati, hurudi karibu yote, na neno la kwanza hulifunika la pili.

Mwaka 1895 Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alikabidhiwa ukumbi wa mihadhara usiosikika. Sauti ilidumu hewani zaidi ya sekunde 5. Usiku baada ya usiku aliingiza mito ya viti na kupima. Kadiri mito ilivyozidi, ndivyo mwangwi ulivyopungua.

Nasi tunavyo vya kwetu. Pazia zito lenye mikunjo, zulia, dari ya sofubodi, hata rafu ya vitabu husaidia. Trei za mayai msaada wake ni mdogo. Sponji ya godoro isibandikwe ukutani, hushika moto upesi.

Nawafikiria watoto wa dawati la nyuma, chini ya bati tupu. Mwalimu anasema "tano", wao wanaandika "tatu", nasi tunawaita wazito. Enyi wazazi na kamati za shule, kabla ya kuwapa jina hilo, tazameni juu. Dari si pambo.