Safari ya Kuyaona Magofu ya Hampi, Bara Hindi
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Katika mkutano uliopita tuliagizwa tuchunguze kama yafaa wanachama wachache wasafiri pamoja kwenda Bara Hindi kuyaona magofu ya mahekalu ya kale. Tuliyasikia pia maneno ya waliokataa. Mmoja alisema ya kwamba fedha za karani ni chache, wala si za kutazamia mawe. Wa pili aliuliza, mtu wa dini ana haja gani na nyumba za miungu ya wengine? Wa tatu akasema, mbona hata ya kwetu hatujayaona? Maswali haya ni ya haki, nasi twataka kuyajibu kabla hamjapiga kura.

Mahali tulipopachagua ni Hampi, katika jimbo la Karnataka, ukingoni mwa mto Tungabhadra. Hapo ndipo ulipokuwa mji wa Vijayanagara, makao makuu ya dola iliyoanzishwa mwaka 1336. Abdur Razzaq, mjumbe aliyetumwa kutoka Herat, alifika huko mwaka 1443, baada ya kupitia Hormuz na Maskati. Na Domingo Paes, Mreno, aliuona mji karibu na mwaka 1520, zama za mfalme Krishnadevaraya. Wote wawili waliandika kwa mshangao juu ya ukubwa wake na utajiri wa masoko yake. Lakini mwezi wa Januari, 1565, masultani wa Deccan waliunganisha majeshi yao, wakalishinda jeshi la Vijayanagara katika vita vya Talikota. Rama Raya, aliyekuwa akitawala, aliuawa. Na mji ukatekwa nyara, ukachomwa moto, ukaachwa. Mabaki yake ni zaidi ya 1,600, nayo yametapakaa katika eneo la kilometa za mraba zipatazo 42, kati ya vilima vya mawe makubwa.

Sasa tujibu. Juu ya dini, kutazama si kuabudu. Mtu aweza kuingia nyumbani mwa jirani kwa adabu, akavua viatu, akanyamaza, akatoka na imani yake kama alivyoingia nayo. Tena hekalu la Virupaksha, lenye mnara wa ghorofa 9, si gofu hata kidogo. Watu wangali wakisali humo kila siku. Asiyeweza kuwastahi hao, na abaki nyumbani.

Juu ya mawe, twaomba makarani wenzetu wasikilize vema. Wafalme wa Vijayanagara wamekwisha, na majumba yao mengi yamebaki misingi tu. Lakini ardhi waliyotoa, kodi walizosamehe na zawadi walizoweka wakfu, twazijua hata leo, kwa kuwa waandishi wao walizichora juu ya mawe. Katika Virupaksha liko jiwe la mwaka 1510 lielezalo ukumbi uliojengwa kwa kutawazwa kwake Krishnadevaraya. Sisi tukaao mezani kutwa, tukinakili hati ambazo twadhani hakuna atakayezisoma, yatupasa kuliona jiwe hilo. Upanga uliulinda mji hata siku moja ukashindwa. Kalamu ingali kazini.

Juu ya swali la tatu, twakiri ya kuwa tumeshindwa. Ni aibu kuvuka bahari kabla ya kufika Gedi, mji wa mawe uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, ambamo zilichimbuliwa shanga kutoka Bara Hindi hiyo hiyo. Kwa hiyo twapendekeza ya kwamba kila atakayekwenda Hampi aende Gedi kwanza, apate kujifunza kutazama.

Mpango wenyewe ndio huu. Wakati mzuri ni toka Novemba hata Februari; Aprili na Mei jua ni kali mno, na Juni huanza mvua. Basi likizo ziombwe mapema. Kila mmoja awe na pasi, viza, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho hakikubaliwi mpaka zipite siku 10 tangu kuchanjwa. Tutakwenda kwa ndege hata Bengaluru, kisha kwa gari la moshi la usiku hata Hosapete; toka hapo Hampi ni kilometa 13 hivi.

Siku ya kwanza tutaona Virupaksha na kilima cha Hemakuta. Siku ya pili, hekalu la Vittala, lenye gari lililochongwa kwa mawe, ambalo picha yake imo katika noti ya rupia 50 iliyotolewa mwaka 2017. Ziko huko nguzo zitoazo sauti zikigongwa, lakini kuzigonga kumekatazwa, kwani mikono mingi huchakaza hata jiwe. Siku ya tatu, viwanja vya wafalme na mazizi ya ndovu yenye vyumba 11. Tutembee asubuhi na mapema, kila mtu na maji yake.

Mwisho, fedha. Sanduku la chama lisiguswe. Kila msafiri aweke akiba yake kwa miezi 18, iandikwe katika daftari mbele ya Mweka Hazina. Asikope mtu, wala asiondoe karo ya mtoto. Atakayeshindwa njiani arudishiwe fedha zake zote bila maneno, wala asichekwe. Haba na haba hujaza kibaba; na kama kibaba hakikujaa, Gedi haihitaji viza.

Hayo ndiyo tuliyoagizwa, ndugu zetu. Sasa kura ni yenu, na uamuzi wenu tutautii.