Kiondo Kina Mwenyewe
(Maneno yaliyotolewa kwa vikundi vya akina mama, Endarasha)

Nimeombwa niseme juu ya viondo. Nitaanza na msichana wa kwetu.

Wangechi Mutu alizaliwa Nairobi mwaka 1972, na leo ni msanii anayejulikana dunia nzima. Mwaka 2022, huko Storm King, jimbo la New York, Marekani, alionyesha vikapu vikubwa vya shaba nyeusi. Kimoja kina nyoka ndani, na jina la kazi hiyo ni Nyoka, kwa Kiswahili hivyo hivyo. Jamani, kikapu! Na sisi hapa tunabebea viazi.

Sisemi twende tukayeyushe shaba. Nasema kazi ile ina jina la aliyeifanya. Kiondo chako broka anakichukua barabarani kwa bei ya kutupa, wala haulizi ni nani alisuka.

Wengine wenu mnalalamika kwamba nailoni inaharibu mila. Mimi sikubali sana. Shosho zetu walisokota pajani uzi wa gome la mugio. Huu mkonge tunaouita wa asili uliletwa Tanganyika na Mjerumani mwaka 1893, ukitoka Amerika. Kwa hiyo uzi umebadilika, kiondo kikabaki. Kinachonitia hofu ni kitako. Wasichana wengi wanajua kuendeleza kiondo kilichoanzwa na mwingine, lakini kukianza hawawezi. Shosho akienda, nani atawaanzia?

Mbali kule Ulaya ya kaskazini kuna Wasami, wanaojulikana kwa kufuga kulungu wa nchi za baridi. Kazi yao ya mikono huiita duodji. Tangu miaka ya 1980 wana alama yao, Sámi Duodji, inayowekwa kwa vitu vya Wasami wenyewe, ili mnunuzi asiuziwe vya kiwandani akidhani ni vyao. Na hapa karibu tu, Nanyuki, akina mama wa Spinners and Weavers walianza mwaka 1977 kusokota sufu ya kondoo kwa mkono. Mgeni huwafuata pale pale wanapofanyia kazi, akaona mikono yenyewe.

Basi nimebeba vipande vya ngozi. Kila mmoja achome jina lake na neno Endarasha, akishone ndani ya mdomo wa kiondo. Kisha uhesabu siku ulizosuka kabla ya kutaja bei. Na Jumamosi mje na mabinti, tuanze na kitako.