Fuateni "Bin": Jinsi Tulivyomtafuta Mtu wa Manamba

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wahitimu wa kisomo, wilayani Korogwe)



Leo hatuzungumzi habari ya mbolea wala ya kuchemsha maji. Tunazungumza habari ya mtu mmoja aliyepotea, na jinsi alivyopatikana kwa njia ya maandishi.

Sisi watu wa Tanga neno manamba tunalijua. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka miche hiyo mashamba yakaenea mpaka huku kwetu, na mashamba yakataka watu. Watu wakaletwa kutoka Kigoma, Songea, Njombe, Burundi na Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandika vibarua, iliyoitwa SILABU. Kibarua alipewa namba, na ndiyo asili ya neno manamba. Alipewa pia kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku ambayo hukumaliza kazi uliyopimiwa, haikutiwa alama. Umechoka bure.

Wengine walirudi kwao. Wengine hawakurudi, na huko kwao wakalia matanga.

Basi, mwaka 2018 walifika kijijini kwetu vijana wawili kutoka Kasulu. Walikuwa wakimtafuta mdogo wake babu yao. Mkononi walikuwa na kitu kimoja tu: barua ya mwaka 1956, imekunjwa mpaka imetoboka. Mwenyewe hakujua kuandika. Aliandikiwa na karani, yeye akapiga dole gumba. Barua ilisema yuko Tanga, mzima, anakata mkonge, na ilitaja shamba. Baada ya hapo, kimya.

Tulianza katika ofisi ya shamba lile. Tulionyeshwa chumba. Vitabu vya zamani vilikuwa vimeliwa na mchwa, vilivyobaki vimelowa. Hatukupata hata ukurasa mmoja wa miaka ile. Tukaambiwa twende Dar es Salaam, Upanga, kwenye Nyaraka za Taifa. Huko kuna majalada mengi ya serikali, hata ya Wajerumani, na mwenye nafasi aende. Lakini mtu atafutaye jina la kibarua mmoja asiweke tumaini lake lote huko. Cheti cha kuzaliwa au cha kifo nacho msikitegemee sana kwa wazee wetu. Wakati wa mkoloni, kwa miaka mingi Mwafrika hakulazimishwa kuandikisha kizazi wala kifo.

Tukarudi kwa wazee. Tukauliza kambi zote za zamani, tukauliza waliofanya kazi kwenye korona. (Vijana msicheke. Korona ni ule mtambo wa kusaga majani ya mkonge. Ulikuwapo kabla ya ugonjwa wa mwaka 2020.) Kila tulipotaja jina la yule mzee, tulijibiwa: hatumjui.

Kumbe kosa lilikuwa letu. Tulikuwa tunatafuta jina ambalo mwenyewe alikwisha kuliacha. Bibi mmoja ndiye aliyetufungua macho. Alisema: "Nyie wanangu, Waha wengi walisilimu hapa. Akisilimu si anapewa jina jingine? Nendeni msikitini, ulizeni kitabu cha ndoa."

Tulikwenda. Shehe alitutolea kitabu cha zamani, tukasoma ndoa moja moja, kwa zamu, siku mbili. Nasi wasomaji wa kisomo mnatujua, hatukimbii. Siku ya pili tukafika kwenye ndoa ya mwaka 1958. Jina la bwana arusi lilikuwa Juma. Akina Juma wako wengi. Lakini mbele yake palikuwa na "bin", na mbele ya "bin" palikuwa na jina ambalo si la pwani. Mwandishi alikuwa ameliandika alivyolisikia, pa "r" akaweka "l". Kijana mmoja akalisoma kwa sauti, mara mbili. Akanyamaza. Lilikuwa jina la baba wa babu yake.

Jina lake alilibadilisha. La baba yake hakulibadilisha.

Kutoka hapo kazi ilikuwa nyepesi. Bwana Juma alifariki mwaka wa vita vya Kagera, akazikwa chini ya mkwaju, kaburi halina maandishi. Lakini aliacha binti, na binti yupo, analima mihogo na ana minazi michache.

Tuseme kweli: hakutupokea vizuri. Alitutazama, akawatazama wale vijana, akasema: "Miaka yote naitwa mtoto wa manamba, sina kwetu. Leo mmekuja. Mmesikia nina shamba?" Vijana waliinama. Kisha akauliza: "Kama ninyi ni ndugu, bibi yangu mzaa baba aliitwa nani?"

Hawakujua. Waliandika majina ya wanaume tu katika daftari lao. Wakapiga simu Kasulu kwa bibi mmoja mzee sana wa ukoo. Sauti ikatoka kwenye simu, ikataja jina. Mama yule akakaa chini. Lilikuwa jina lake mwenyewe la nyumbani, alilopewa na baba yake, lile ambalo watoto wenzake walikuwa wakimcheka nalo kisimani. Hatulitaji hapa, ni mali yao.

Usiku ule wale vijana walimwita shangazi, naye akawapikia bada na samaki. Mambo ya minazi hayakuzungumzwa tena.

Sasa, ndugu zetu, Jumamosi ijayo tunakutana hapa hapa chini ya mwembe, saa kumi alasiri. Kila mmoja aje na daftari na kalamu. Aandike jina lake, la baba, la babu, na la baba wa babu, na majina yaliyoachwa pia. Na ukurasa wa pili aandike majina ya mama, bibi, na mama wa bibi. Asiyejua akaulize kabla ya Jumamosi, mwulizwaji angali hai. Mkristo aulize pia kitabu cha ubatizo parokiani kwake. Wamisionari walikwisha kufika Magila tangu miaka ya 1860, nao walikuwa watu wa kuandika. Shangazi wa Kasulu atakuwapo, ameahidi kuja na daftari lake. Bado anatafuta jina moja upande wa mama yake.