Mahindi yenye Kuvu ni Sumu kwa Mtoto

Leo tuzungumze juu ya mahindi, kwani ndiyo uji wa mtoto asubuhi na ndiyo muthokoi wetu jioni.

Wengi wetu tunaukumbuka mwaka wa 2004. Hapa Ukambani na sehemu za jirani, watu waliugua kwa kula mahindi. Wagonjwa 317 walihesabiwa, na 125 kati yao wakafariki. Mahindi mengi yalikuwa yamewekwa ndani ya nyumba kabla hayajakauka, yakaota kuvu. Kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, nayo huharibu ini.

Huenda ukasema, "Nitayaosha, kisha niyachemshe sana." La, mama. Moto wa jikoni hauimalizi sumu hii. Tena punje inaweza kuonekana nzuri na kumbe ina sumu. Kwa hivyo kinga huanza wakati wa kuanika.

Anika mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo. Ili kujua kama yamekauka, chukua chupa kavu, tia mahindi kidogo na chumvi kavu. Funga, tikisa vizuri, uache dakika 15. Chumvi ikishika kwenye chupa, mahindi bado yana unyevu. Yarudishe juani.

Yakikauka, yaweke katika gunia safi, juu ya mbao, mahali pasipovuja na penye hewa.

Kabla ya kupika au kwenda kusaga, chambua. Mwite mtoto mkubwa akusaidie, umfundishe kutoa punje zilizooza, zilizovunjika na zilizobadilika rangi. Punje hizo zifukie. Usimpe kuku wala ng'ombe. Ng'ombe akizila, sumu huingia katika maziwa, na maziwa hayo humrudia mtoto wako.

Mtoto akikataa chakula, akitapika, tumbo likivimba au macho yakiwa ya manjano, usingoje kesho. Mpeleke hospitali mara moja, na umweleze daktari alichokula.

Mama, kumwaga debe moja la mahindi kunauma, hasa mvua ikiwa haba. Lakini mahindi hupandwa tena. Mtoto hapandwi.