Kutoka Marathoni hadi Sare ya Magereza

Catherine Ndereba, mzaliwa wa Gatunganga, Nyeri, alishinda marathoni ya Boston mara 4, akawa bingwa wa dunia mwaka 2003 na 2007, na kutwaa medali ya fedha katika Olimpiki za Athens na Beijing. Lakini hoja ya leo si medali. Ni mwajiri wake: Idara ya Magereza ya Kenya, iliyomchukua mwaka 1994 kupitia timu yake ya riadha.

Kwa nini jambo hili limguse mzazi wa Skuta, mjini Nyeri? Kwa sababu miguu huchoka mapema na zawadi za mbio huisha, ilhali mshahara wa serikali hausubiri ushindi.

Sasa, upande wa pili. Nafasi za ajira hiyo ni chache, na kijana asiye na mbio naye anaitaka kazi hiyo hiyo. Tena kasi barabarani haimfundishi mtu kusimamia wafungwa. Mwanariadha Wesley Korir, mshindi wa marathoni ya Boston mwaka 2012, aliingia kazi ya umma kwa njia nyingine: mwaka 2013 wapiga kura wa Cherangany walimchagua kuwa mbunge.

Je, ajira ya umma kwa mwanariadha ni shukrani kwa medali, au ni kazi ya kupimwa kama nyingine yoyote?