Mvua Kubwa Usiku, na Watoto Wamelala



Ukipita Ngong Road, pale Dagoretti Corner, utaona Idara ya Hali ya Hewa. Wataalamu wa hapo hupima mvua na upepo, tena hurusha angani puto lenye vyombo vya kupima joto na unyevu. Hivyo wanaweza kutuonya kwamba mvua kubwa ya ngurumo inakuja jijini. Ila hawawezi kujua ni ploti gani itakayofurika. Hilo unalijua wewe unayekaa hapo.

Mama wa Kawangware au Kangemi, Mto Nairobi unaanzia kinamasi cha Ondiri, kule Kikuyu. Mvua ikinyesha huko, mto unaweza kujaa hata kama kwako hakujadondoka tone. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini, na wengine maji yaliwakuta usingizini.

Basi ukisikia tahadhari, jitayarishe kabla ya kulala. Tia kitabu cha kliniki, dawa na nguo za mtoto ndani ya ndoo yenye kifuniko. Patana na jirani aliye sehemu ya juu. Maji yakiingia, usiguse swichi ya stima, wala usimvushe mtoto penye mkondo. Maji ya magotini tu humwangusha mtu mzima.

Mimi muuguzi huwaona wagonjwa baada ya mvua kwisha. Vyoo vya shimo vimefurika, na bomba lililopasuka limelala ndani ya mtaro. Maji yakitoka bila tope, mama huniambia ni safi. Nimepokea mtoto aliyekunywa maji ya namna hiyo: macho yameingia ndani, ukifinya ngozi hairudi upesi. Chemsha maji mpaka yatokote, au tia dawa ya klorini kama chupa inavyoeleza, kisha ngoja dakika 30.

Mtoto akihara, mpe ORS kidogo kidogo kwa kijiko na uendelee kumnyonyesha. Umpeleke kituo cha afya apate na tembe za zinki. Lakini akilegea, akishindwa kunywa, au choo kikifanana na maji yaliyooshewa mchele, usingoje kupambazuke. Amka umbebe, na njiani uendelee kumpa ORS kama anaweza kumeza.