Tusiwakalishe Wazee Wetu

 

Ndugu zetu Waislamu, na hasa nyinyi wazee wetu, leo tunazungumzia jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, nalo ni kuanguka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki kila mwaka kwa kuanguka, na wengi wao wamevuka miaka 60. Na asiyekufa huenda akavunjika nyonga, akalala kitandani miezi, na tangu hapo asionekane tena katika safu ya Alfajiri.

Hapa kwetu Morogoro jambo hili lina sura yake. Mzee wa Kinole au Matombo hupanda na kushuka miteremko ya Uluguru kila siku kwenda shambani, na miguu yake huwa imara. Akifikia miaka sabini, wanawe humleta mjini, Kilakala au Mji Mpya, ili apumzike. Huwekewa kiti barazani. Maji huletewa, chakula huletewa, na hata akitaka kufuata kandambili zake mjukuu humkimbilia. Baada ya mwaka, mtu aliyekuwa akiteremka mlimani na mkungu wa ndizi begani anaanguka katika ua ulio tambarare! Watu husema ni uzee. Uzee upo, lakini kiti nacho kimechangia. Msuli usiotumika hunyong'onyea. Anayeogopa kuanguka hukaa, na kadiri anavyokaa ndivyo anavyozidi kudhoofika na kulikaribia lile analoliogopa. Tunadhani tumewatendea wema wazazi, kumbe tumewanyang'anya miguu.

Wapo wanaosema kuwa kuanguka ni kadari. Kadari tunaiamini, wala haituzuii kushika sababu. Mapitio ya tafiti 108, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionesha kuwa mazoezi hupunguza maanguko ya wazee kwa takriban asilimia 23, hususan yale ya mizani ya mwili na ya kuinuka.

La kwanza, nalo kwa maoni yetu ndilo bora, ni kuinuka kitini. Kiti kiegemezwe ukutani, kisiwe cha plastiki chenye kuteleza. Mzee akae, ainuke bila kujisukuma kwa mikono akiweza, kisha akae tena polepole. Mara tano mwanzoni, na azidishe hadi kumi. La pili, ashike fremu ya dirisha, ainue visigino, ateremshe. La tatu, asimame karibu na ukuta, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, ahesabu hadi kumi, kisha abadilishe. Afanye hivi angalau siku tatu kwa wiki, na mtu awe karibu yake. Mwenye kizunguzungu, maumivu ya kifua, au aliyeanguka karibuni, amwone daktari kwanza. Akina bibi wasisahauliwe, kwani wao hukaa ndani zaidi.

Kuna pahala pengine pa hatari: penye udhu. Sakafu imelowa, kandambili zimelika soli, na mzee anasimama kwa mguu mmoja akiosha wa pili. Awekewe kigoda aketi. Na anapoamka usiku, akae kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama, hasa ikiwa anatumia dawa za shinikizo la damu.

Ama viti misikitini, hatuwalaumu wanaovitumia. Mtume (s.a.w.) alimruhusu Imran bin Huswayn, aliyekuwa mgonjwa, aswali kwa kukaa asipoweza kusimama. Lakini anayeweza kusimama katika faradhi asimame, na anayeweza kusujudu asijinyime sijda, maana hata kuinuka kutoka chini ni kazi ya miguu.

Kamati za misikiti zinaweza kuanza na jambo jepesi: baada ya Alasiri, siku tatu za wiki, wazee wabaki robo saa kibarazani, viti vikiwa ukutani, na vijana wawili wakisimama pembeni yao.